Mbio za Mume na Mke Kwenye Ukungu

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Korogwe, nami imenikaa kichwani tangu asubuhi. Isomeni mpaka mwisho. Najua wengine wenu mkiona habari ndefu mnaruka moja kwa moja kwenye funzo, halafu mnajibu kwa kidole gumba.

Palikuwa na mume na mke, Hoza na Zaina, wenye watoto wanne. Walikuwa watu wazuri, hawagombani, nyumba yao imetulia. Ila siku moja Zaina alimfungulia moyo mama mkwe wake, Bi Mwanaidi.

"Mama, sisi tunaongea habari za watoto tu. Homa ya huyu, sare ya yule. Nawaza, siku wakikua wakaondoka, mimi na mwanao tutabaki na nini?"

Bi Mwanaidi aliliweka moyoni swali hilo. Aliposikia kwamba huko milimani Usambara kuna mashindano ya mbio za mume na mke, akawaita wote wawili.

"Nendeni mkakimbie. Wajukuu niachieni mimi. Ila nina sharti: mpaka mtakaporudi, mtu asitaje jina la mtoto hata mmoja."

Hoza akacheka. "Mama, hilo tu?"

"Hilo tu."

Basi lao lilipoanza kupanda mlima, Hoza aliona maporomoko ya maji upande wake wa dirisha. Akageuka kumwonyesha mkewe, akafungua mdomo: "Mama..." Akanyamaza. Tangu mtoto wao wa kwanza, Mwajabu, azaliwe, yeye humwita mkewe Mama Mwajabu, na mkewe humwita Baba Mwajabu, kama wafanyavyo wazazi wengi. Sasa mtoto hatajwi. Wataitanaje?

Safari nzima ikawa "wewe", "sikia", "hebu angalia kule". Wenzangu, jaribuni kushinda kutwa na mtu mnayelala naye kitanda kimoja, hamna jina la kumwita! Chakula cha jioni walikula kimya, kila mmoja akitazama sahani yake. Zaina akaogopa sana. Aliona kwamba swali lake limeshajibiwa, na jibu lenyewe ni huo ukimya.

Asubuhi mbio zikaanza. Kanuni ilikuwa moja: mume na mke wavuke mstari wa mwisho pamoja, la sivyo hawahesabiwi. Kukimbia walijua, na mpaka nusu ya njia walikuwa miongoni mwa waliotangulia.

Hapo kamba ya kiatu cha Hoza ikafunguka. Akainama kuifunga, na ukungu ukashuka, ule wa milimani unaomeza njia yote. Alipoinuka, mkewe haonekani. Zaina naye hakujua kwamba mumewe amesimama. Alidhani Hoza amempita, akaongeza mwendo ili amfikie.

Hoza akavuta pumzi apige ukelele: "Mama Mwa..." Akakumbuka sharti. Angeweza kulivunja, nani angejua? Lakini alikuwa amemwahidi mama yake, na aliona haya kushindwa na jambo dogo vile. Akajaribu jina jingine, kwa sauti ya chini kwanza, kama anayemwita mke wa mtu.

"Zaina."

 Upande mmoja wa njia ile ni bonde, na hofu ikaanza kumpanda. Akakimbia huku akiita kwa nguvu zake zote.

"Zaina! Zaina, uko wapi? Zaina, nisubiri!"

Aliita mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Walipokaribia mwisho wa mbio ukungu ukapungua, ndipo alipouona mgongo wa mkewe mbele yake. Akamfikia, akamshika bega. Zaina akashtuka.

"Kumbe uko nyuma! Mimi nakukimbiza mbele!"

"Nimekuita mpaka koo limekauka. Hukusikia?"

"Hukuniita. Nimemsikia mwanamume mmoja tu huko nyuma, anamwita mkewe." Zaina akatazama chini. "Anaita kama mtu anayetaka kulia. Nikamwonea wivu yule mwanamke. Nikasema moyoni, kuna wanawake wanapendwa."

Hoza akamtazama, asijue acheke au alie.

"Anamwita nani?" akauliza taratibu.

"Anamwita Zaina," akajibu mkewe.

Na aliposikia jina hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe, akasimama pale pale. Akaufunika uso kwa viganja. Waliokuwa nyuma wakawapita, wawili wawili, wengine wakigeuka kuwashangaa, maana mstari wa mwisho ulikuwa pale tu unaonekana.

"Sikujua kama ni mimi," akasema. "Niite tena."

"Zaina."

"Abee, Hoza."

Funzo: Waleeni watoto wenu kwa moyo wote, lakini msimwache mwenzenu awe mama wa fulani au baba wa fulani tu, mpaka siku anaitwa kwa mapenzi asijue kwamba ni yeye. Kabla hujaituma hii kwa mwingine, mwite kwanza wa kwako aliye chumba cha pili, kwa jina lake.