Blanketi la Bibi Yudita

Hii nimetumiwa na mtu, naye alitumiwa na mwingine. Nakuomba usinijibu kwa kile kidole gumba kabla hujaimaliza. Isome mpaka chini, halafu uamue mwenyewe kama kuna wa kumpelekea.

Palikuwa na kata moja huko nyanda za juu kusini, kule ambako mwezi wa saba umande huganda juu ya majani ya viazi. Jina lake silitaji. Wenyewe wapo, na simu wanazo.

Baraza la ardhi la kata hiyo lilikuwa limeoza. Ukienda na kesi ya shamba, swali la kwanza ni umekuja na nini. Kama huna kitu, unaambiwa njoo wiki ijayo, na wiki ijayo unaambiwa hivyo hivyo, mpaka unachoka unabaki nyumbani. Watu walilalamika wee, mwisho wakazoea. Na kuzoea, ndugu yangu, ndiko kulikoniuma mimi kuliko hata hiyo rushwa yenyewe.

Basi siku ya siku wakamchagua mwenyekiti mpya, Mzee Ezekia Tweve, seremala, mtu asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya watu akasema:

"Ndugu zangu, kwetu huku mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu. Nalijua hilo. Anayetaka kuniletea kitu alete, sitamfukuza. Ila kwenye harusi zetu zawadi hutangazwa. Na hapa zitatangazwa."

Akamwita Kidulile, yule anayezunguka na kipaza sauti kutangaza chanjo na mikutano, akamsimamisha mlangoni.

"Yeyote atakayeleta kitu, taja jina lake, taja alicholeta, taja na kesi aliyonayo. Na siku ikijulikana kwamba kitu cha mwenye kesi kimeingia kwangu bila kutangazwa, nimekipokea mimi au mtu wa nyumba yangu, kiti hiki si changu tena. Makamu wangu atakaa."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakacheka chinichini, maana ahadi za viongozi walishazisikia nyingi.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Bwana Fute. Alikuja na jogoo kwapani, anatabasamu. Kidulile akawasha kipaza sauti chake:

"Jamani eeh! Bwana Fute, mwenye kesi ya mpaka ya Alhamisi, amemletea mwenyekiti jogoo mwekundu! Makofi kwake!"

Lo! Bwana Fute alimkumbatia jogoo wake akateremka kilima mbio, soko zima linamtazama. Wanasema hata kilabuni hakuonekana kwa muda. Tangu hapo hakuna aliyeleta hata yai, na kesi zilizokuwa zimelala zikaanza kusikilizwa moja baada ya nyingine.

Miongoni mwa kesi hizo ilikuwepo ya mjane mmoja, Mama Tulizo. Mumewe alimwachia shamba la viazi bondeni, na hilo ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Tajiri wa mbao, Bwana Ndelwa, alikuwa amepanda miti yake mpaka katikati ya shamba hilo, akidai aliuziwa na marehemu. Marehemu hasemi. Baraza la zamani lilimzungusha yule mama hadi akakata tamaa. Tweve alipochaguliwa, Mama Tulizo alilia hadharani, akasema Mungu amemkumbuka.

Sasa, Ndelwa si mjinga. Alijua Tweve hanunuliki. Lakini Tweve alikuwa na mama.

Bibi Yudita alikuwa mkongwe, macho hayaoni vizuri, na kila kipupwe kifua chake kilimbana. Aliishi katika nyumba yake ndogo nyuma ya nyumba ya mwanawe. Siku moja Tweve akiwa barazani, mke wa Ndelwa akabisha hodi kwa bibi.

"Kamwene, bibi. Nimesikia kifua kinakusumbua, nimekuja kukupa pole."

"Kamwene, mwanangu. Karibu ndani. Ni hii baridi tu."

Yule mama akafungua mfuko, akatoa blanketi zito, jipya, akamfunika bibi mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Niambie wewe, bibi gani angekataa? Kwetu kumrudishia mtu pole yake ni kumtukana. Na mambo ya kesi za barazani Bibi Yudita hakuyajua. Alimbariki mgeni wake, na usiku ule akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu baridi ianze.

Asubuhi ilikuwa siku ya hukumu ya Mama Tulizo. Tweve akapita kumsabahi mama yake kabla ya kwenda, akamkuta amejifunika.

"Mama, hili umelitoa wapi?"

"Mke wa Ndelwa amenipa. Ana moyo mzuri yule binti."

Tweve alikaa chini kwenye kigoda. Bibi akauliza, "Ezekia, nimekosea nini?" Hapo ikabidi amweleze yote, kesi, mjane, na ile ahadi aliyoitoa mbele ya watu. Kisha akaondoka bila hata kunywa uji.

Njiani Ndelwa alikuwa anamsubiri, kofia mkononi, mpole kweli kweli.

"Mzee, mama anaendeleaje? Blanketi linamtosha?"

"Unataka nini, Ndelwa?"

"Mimi? Sina ninalotaka. Ukisema, utatoka kitini, na makamu wako Luvanda atakaa. Luvanda tunaelewana. Usiposema, basi mimi na wewe tuna siri yetu, na watu wenye siri moja hawaumizani. Chagua tu, mzee wangu."

Luvanda alikuwa amebaki kutoka baraza la zamani. Kila mtu aliijua tabia yake. Kwa hiyo Tweve akaenda barazani huku anajua kwamba akisema ukweli, shamba la mjane linaweza kwenda na ukweli huo. Hebu jiweke pale. Usijibu haraka, maana kwenye simu kila mtu ni mwadilifu.

Ukumbi ulijaa. Mama Tulizo alikaa mbele na wanawe, amevaa nguo yake ya kanisani. Tweve akasimama, lakini hakufungua kesi.

"Kidulile, washa. Tangaza kwamba jana nyumba ya Tweve ilipokea blanketi, bila kutangazwa, kutoka nyumba ya Ndelwa, mwenye kesi ya leo."

Kidulile akawasha. Akamtazama mzee, akatikisa kichwa.

"Siwezi, mzee. Nisamehe."

Tweve akamnyang'anya kipaza sauti, akatangaza mwenyewe, neno kwa neno. Kisha akamrudishia Kidulile, akaanza kutoka nyuma ya meza.

Mama Tulizo akaruka kutoka pale alipokaa.

"Kaa, baba! Nakuomba ukae! Nani amelalamika? Mimi sijalalamika! Nihukumie kwanza, hayo mengine utayasema kesho! Ukitoka wewe nani atanisikiliza mimi na watoto hawa?"

Watu wengi wakasema, "Kweli, kaa mzee!" Tweve alisimama pale kati ya meza na mlango, uso umemshuka.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Bibi Yudita alikuwa amekuja kwa miguu, anashikilia ukuta, anahema. Watu wakampisha. Akafika mbele, akalivua lile blanketi, akaliweka juu ya meza ya baraza. Ndani alikuwa na kanga tu na kisweta kilichochakaa.

"Nimelipokea mimi," akasema. "Mwanangu hakujua. Nilipokea kwa sababu nilikuwa naona baridi, na sikuuliza. Mama Tulizo, unisamehe."

Tweve akavua koti lake akamvika mama yake, akamketisha kwenye benchi la watu wa kawaida, naye akakaa kando yake.

Ndelwa akakohoa kidogo, akasimama. "Inasikitisha kweli. Lakini sheria ameiweka mwenyewe. Makamu akae, tuendelee."

Mzee Luvanda akainuka. Akatembea mpaka kwenye kiti cha mwenyekiti, akakishika mgongo. Hakukaa. Akamtazama yule bibi anayetetemeka ndani ya koti la mwanawe, akatazama na blanketi pale mezani. Alisimama hivyo mpaka watu wakaanza kunong'ona.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kidulile, usizime hicho kitu."

Akakipokea kipaza sauti.

"Mimi Luvanda, makamu wa baraza hili. Nyumba yangu imeezekwa kwa bati za Ndelwa. Amenipa kwa ajili ya kesi hii, na leo nilikuja hapa kumtoa huyu mama shambani kwake. Nilikuwa tayari. Bibi wa umri huu amejivua nguo ya joto mbele za watu kwa kosa ambalo hakujua ni kosa. Mimi nilijua. Nilijua kila siku mvua ilipokuwa inanyesha juu ya bati zile. Siwezi kukaa."

Akakirudisha kipaza sauti, akaenda kukaa kwenye benchi, upande wa pili wa Bibi Yudita. Bibi akamshika mkono. Mzee yule mzima akalia kama mtoto.

Ndelwa alitafuta pa kutazama akakosa. Alikuwa amepiga hesabu za kila kitu, bei ya kila mtu aliijua, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mtu aliyekwisha kununuliwa anaweza kujirudisha mwenyewe. Alitoka kwa mlango wa pembeni, na hakuna aliyemsemesha.

Kesi ile ilisikilizwa upya na wazee walioletwa kutoka kata ya jirani. Walilitembea shamba, wakawasikiliza majirani, wakamtaka Ndelwa alete hata shahidi mmoja wa ununuzi. Hakuwa naye. Mama Tulizo akarudishiwa shamba lake lote, na miti iliyopandwa humo ikang'olewa. Luvanda aliziondoa bati, akaezeka nyasi, akapelekwa kujibu alichofanya, na aliadhibiwa. Hakujitetea.

Watu walimfuata Tweve wakamsihi arudi kitini. Wakamwambia kosa halikuwa lake. Akakataa. "Ahadi niliyoitoa kwa wote ikiniruka mimi kwa sababu mnanipenda," akasema, "mwizi naye atatafuta wa kumpenda." Akarudi kwenye useremala wake.

Baada ya mavuno Mama Tulizo alikwenda kumwona kwenye karakana. Kesi ilikuwa imeisha. Hakubeba kitu.

"Baba, nimekuja kuomba radhi. Siku ile nilikuambia ukae. Mimi niliyeibiwa, nilikuwa nakuomba uniibie kidogo na wewe, ili nipate changu."

Tweve akaweka randa chini, akapangusa mikono.

"Usiniombe radhi, mama. Ulipolia vile, nilitaka kukaa. Nilikuwa nimeshageuka kurudi kwenye kiti, basi tu hamkuona. Kama mama yangu asingefungua ule mlango, ningekaa."

Funzo: Zawadi usiyotaka itangazwe mbele za watu, usiipokee, na ikishaingia nyumbani kwako, itangaze mwenyewe upesi, kwa maana hata mtu mwema ana saa yake ya kutaka kunyamaza, na pengine anayekusikia ndiye atakayepata nguvu ya kusema ya kwake.