Zimwi Lililoshiba Makofi

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi ajifinye.

Palikuwa na kijiji kilichoamua mambo kwa makofi. Yakilia makofi matatu, neno limepita. Siku moja zimwi likakalia kisima chao. "Nipeni mtoto mmoja, nami niwape maji."

Watu wakakutana pale pale kisimani. Mzee Shekuwe akasema, "Binti wa Mize ni mgonjwa, hatapona. Aende yeye."

Kofi la kwanza, pa! Zimwi likavimba likawa kama ng'ombe.

Mize akamkumbatia bintiye. "Nani kasema hatapona?"

"Aa, Mize, kila mtu anajua!" wakasema watu.

Kofi la pili, pa! Zimwi likawa kama kilima.

Mikono ikainuka kwa kofi la tatu. Lakini Mize alikwisha kuona kinacholishibisha zimwi. Akamshika jirani yake mkono. "Bi Somoe, wewe unapiga kofi kwa nini?"

"Nimemwona shemeji yako kapiga."

Zimwi likanywea, likawa kama ng'ombe.

"Na wewe, shemeji?"

"Si nimemsikia Mzee?"

Likawa kama kuku.

"Na wewe, Mzee?"

Mzee Shekuwe akakohoa. "Mimi nilisema tu, nikingoja mtu anipinge."

Zimwi likawa kama mbu, likaruka mbele ya uso wa Mize likilia nzii. Mize akapiga kofi la tatu mwenyewe. Pa! Akafuta viganja kwenye kanga, akamchotea bintiye maji.

Aliyesikia akalale, asiyeelewa aulize.