Nani Atampa Jina Mdogo Wake Lugano?

Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na mimi mwenyewe jibu lake limenishinda.

Katika kisa hiki wamo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Subilaga wa Tukuyu alikuwa na jicho kali. Ukibadilisha kifungo kimoja cha shati, yeye ataona. Baba yake, Mzee Gwamaka, hakuwa msemaji, lakini siku akisema, nyumba nzima inatulia. Na Daktari Nasra, mtaalamu wa jeni katika hospitali kubwa ya mjini, hakuwa mtu wa kuridhika na jibu la nusu.

Siku moja Subilaga alikwenda kumsalimia kaka yake Ambilike na mkewe Tusajigwe. Binti yao, Lugano, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Shangazi akatoa simu, akampiga picha. Kuiangalia, jicho la kulia limetoka jekundu, kama macho ya watu wengi yanavyotoka kwenye picha za mwanga mkali. La kushoto limetoka jeupe, kama la paka gizani.

"Wifi, hebu njoo uone."

"Si mwanga wa simu tu huo?" akasema Tusajigwe.

Subilaga akampiga picha nyingine akiwa dirishani, na nyingine akiwa amebebwa. Jicho lile lile, weupe ule ule.

"Kesho tunakwenda hospitali kubwa ya mjini," akasema. "Msipokwenda, nampeleka mwenyewe."

Wakaenda. Daktari wa macho akawaambia kwamba ndani ya jicho kuna uvimbe wa saratani, na jicho lazima litolewe kabla ugonjwa haujafika kwenye ubongo. Ambilike hakungoja amalize. Akamchukua mwanawe, akarudi naye nyumbani.

"Simtoi mwanangu jicho! Aje achekwe na kila mtu?"

Mkewe akalia, dada yake akafoka. Hakusikia la mtu. Mzee Gwamaka, aliyekuwa ameketi pale pale, alingoja mpaka wote wakachoka.

"Ambilike," akasema, "nilikuwa na mdogo wangu. Wewe humjui, alikufa hujazaliwa. Jicho lake lilianza hivi hivi, likavimba mpaka likatoka nje. Baba yetu alikataa lisiguswe. Basi tulimzika na macho yake yote mawili."

Ambilike akamtazama baba yake, kisha akamtazama mtoto. Asubuhi alimbeba Lugano mwenyewe mpaka hospitali. Jicho likatolewa, kidonda kikapona, akawekewa la bandia.

Hapo kila mtu aliona kazi imekwisha, isipokuwa Daktari Nasra. Aliposikia habari za yule mdogo wake mzee, akawazuia wasiondoke.

"Kama ugonjwa huu ulishapita katika ukoo wenu, bado hatujamaliza," akasema. Akachukua damu ya mtoto na ya wazazi wake.

Majibu yalipotoka, akawaketisha.

"Mwili umejengwa kwa seli," akawaeleza. "Seli hupokea ujumbe kutoka nje, unaoiambia igawanyike. Ujumbe huo hupita kwa protini moja, nayo huupeleka kwa nyingine, mpaka ufike ndani kwenye kiini. Sasa ndani ya kiini kuna jeni, yaani agizo la kurithi, ambayo kazi yake ni kuizuia seli. Hutengeneza protini inayoishikilia, isigawanyike mpaka ruhusa kamili ifike. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Moja ikiharibika, ya pili bado inazuia. Zikiharibika zote mbili ndani ya seli moja ya jicho, seli hiyo hugawanyika bila kukoma. Ndiyo saratani. Lugano amezaliwa na nakala moja mbovu."

"Ya nani?" akauliza Ambilike.

"Ya kwako. Wengine huwa nayo na wasiugue."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtia ugonjwa mwanangu."

"Hukuichagua, baba Lugano. Na wewe ulipewa. Lakini nakala hiyo mbovu imo hata katika jicho lake lililobaki. Leteni mtoto tulitazame."

Wakalitazama, wakakuta uvimbe mdogo kama punje ya ulezi. Wakauchoma kwa leza ungali mchanga. Tangu hapo Lugano hupimwa mara kwa mara, na jicho lake linaona vizuri. Sasa anakimbiza kuku uwanjani na kuwaita kwa rangi zao.

Baadaye Tusajigwe akajifungua mtoto wa kiume. Nasra akampima mapema: nakala zote mbili nzima. Furaha ikajaa nyumba, na Ambilike akatamka mbele ya watu, "Mtoto huyu atapewa jina na aliyemwokoa dada yake."

"Basi ni mimi," akasema Subilaga. "Nisingeona, mngeamka lini? Na mimi sikujaliwa mtoto wa kumpa jina."

"Kuona uliona," akasema Mzee Gwamaka, "lakini mtoto alikuwa amesharudishwa nyumbani kufa. Ni nani aliyemrudisha hospitali? Na umri wangu huu, mjukuu mwingine sina hakika ya kumpata."

Nasra akacheka kwanza, kisha akasema polepole, "Ninyi wawili mliokoa uhai wake. Lakini bila kupima ile damu angekuwa kipofu leo, au angekuwa kaburini. Wagonjwa wangu huondoka, sijui hata wanakoishia. Jina moja tu ningependa kulitoa."

Wengine wakasema Subilaga alibahatika tu na simu yake. Wengine, mzee alisema maneno machache tu. Wengine, daktari alikuwa kazini kwake. Na kila aliyesema hivyo alipingwa palepale.

Ambilike akageuka huku na huku, mtoto mikononi, ahadi ikiwa imeshamtoka.

Sasa wewe unayenisikiliza: angekupakatisha mtoto huyo, na wote wakanyamaza wakikutazama, ungemkabidhi nani ampe jina?