Nguchiro Amsomea Fisi Kozi ya Mtambo

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa wapi?
— Penye kisima!
Kina maji?
— Uliza midomo yetu!

Haya, wenye midomo mikavu sogeeni. Leo nawasimulia habari za kompyuta, na msinicheke. Mimi mtambo ukiniandikia kosa, nauomba radhi, naufunika kitambaa, naenda zangu kulala. Lakini uongo wa ngano hauhitaji cheti, basi tuendelee.

Palikuwa na kisima kimoja tu bondeni. Maji yalipopungua, mfalme Tembo akaleta mtambo wa kugawa maji. Mtambo ulijua majina ya wanyama wote. Ukiita "Swala!", Swala anaitika "Nipo!", unammwagia fungu lake, shwaa! Ukiita "Kiboko!", Kiboko anaitika "Nipo!", unammwagia fungu lake, shwaaaa! Kisha mtambo ukaanza visa. Ukamwita Swala, ukamnyima. Ukampa Panya fungu la Kiboko, Panya nusura azame.

Tembo akatangaza: "Namtaka mtunza mtambo mwenye cheti. Atakaa hapa kisimani na wanawe, wala hatapanga foleni. Anayetaka kujisomea, kitabu hiki hapa. Anayetaka kozi, aende kwa Mwalimu Kasuku. Mwezi ukiandama, mtihani!"

Nguchiro akasikia. Alikaa mlimani na watoto wake, na kwa kuwa fungu lao la maji lilikuwa dogo mno, walikuwa wakilamba umande kwenye mawe. Jua likiwahi kutoka, hata umande hawaupati. Roho ilimuuma mama wa watu. Akachukua kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza, akasinzia. Akaamka, akafungua ukurasa wa kwanza, akasinzia. Msimlaumu. Mimi vitabu vya namna hiyo ndivyo nilivyovifanya mto.

Akaenda kwa Kasuku. Kasuku akamwambia, "Ada debe la mtama! Debe la mtama!" Nguchiro hakuwa na hata punje.

Fisi naye akasikia, akalamba midomo. Alijisemea, "Mshika mtambo ndiye atakayeamua nani aitwe na nani asiitwe. Na mnyama mwenye kiu hana mbio." Akawanyang'anya ndege mtama wao, akamlipa Kasuku. Kasuku macho yote yalikuwa kwenye mtama, hata hakumtazama mlipaji usoni. Fisi alipoyaona madawati, akaguna, "Mmh! Nikae hapa mpaka mwezi uandame?"

Nguchiro akamsikia, akamfuata njiani.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba, kijimnyama. Sema upesi, nina njaa."

"Nimesikia watu wanasema njia mbili zilimshinda babu yako."

"Nani kasema? Nimtafune!"

"Wenye wivu tu, bwana mkubwa. Wewe wakomeshe. Kujisomea ni njia, kozi ni njia. Usipite hata moja! Mkubwa hutuma. Nitume mimi darasani. Kasuku akiita Fisi, naitika mimi. Cheti kinatoka kwa jina lako."

Fisi akacheka, hiii-hi-hi! "Na nitajuaje kama hulali huko?"

"Kila jioni nitakuja kukueleza nilichofundishwa. Siku nikikosa la kueleza, nile."

Fisi akaona kampata mjinga, tena mjinga wa kuliwa. Akakubali.

Basi kila asubuhi Kasuku aliita, "Fisi!" Nguchiro akaitika, "Nipo!" Kasuku akasoma yaliyo ubaoni, kisha akayasoma tena yaleyale. "Maswali? Hakuna! Maswali? Hakuna!" Darasa likaisha. Nguchiro hakuelewa hata chembe. Lakini jioni meno ya Fisi yanamngoja! Basi mchana alikuwa akipita kisimani, akauchungulia mtambo, akagusa hiki, akachomoa kile, akakirudisha, mpaka yale ya ubaoni yakaanza kuingia akilini.

Jioni Fisi alikuwa akiguguna mfupa, kwa-kwa-kwa. "Haya, nieleze!"

"Kwanza tazama umeme. Kisha tazama waya. Kisha tazama neno la siri. Ukimaliza hayo, ndipo uulaumu mtambo."

"Sijaelewa. Rudia!"

Nguchiro akarudia kwa maneno mepesi zaidi. Fisi akakoroma, khooo! Akashtuka. "Sijaelewa. Rudia!" Nguchiro akarudia tena. Mwanafunzi mzito kama yule ukimweleza kila jioni, utaelewa wewe hata kama yeye haelewi.

Mwezi ukaandama. Fisi akasema, "Leo baki nyumbani. Naenda mwenyewe kuchukua kazi yangu."

"Sawa, bwana mkubwa. Ila usisahau kuitika."

Wanyama wakajaa kisimani, ndimi nje. Nguchiro akaja nyuma yao na watoto wake. Kasuku akaita, "Fisi!"

Fisi akasimama, akatoa kifua. "Nipo!"

Kasuku akapiga kelele, "Huyu si Fisi! Huyu si Fisi! Fisi wangu ni mdogo, ana mkia mrefu!" Neno likishamkaa Kasuku ulimini, halitoki.

"Ndimi mimi Fisi!" Fisi akanguruma. "Yule nilimtuma tu!"

Wanyama wakaguna. Tembo akasema, "Kama ni wewe Fisi, hukusoma. Kama ulisoma, si wewe Fisi. Mimi sitaki jina, nataka maji. Utengeneze mtambo."

Fisi akaubonyeza. Mtambo ukalia, tii-tii-tii. Akaupiga teke, puu! Akaung'ata waya, pyaa! Manyoya yakamsimama wima, akakaa chini bila kupenda.

Nguchiro akasogea. Watoto walikuwa wakimtazama. Akanong'ona, "Kwanza umeme." Umeme upo. "Kisha waya." Waya umelegea. Akauchomeka, kach! "Kisha neno la siri." Akaliandika. Mtambo ukakohoa, ukaita, "Swala!"

"Nipo!"

Shwaa!

Kazi akapewa Nguchiro, na watoto wake wakanywa siku ile mpaka matumbo yakawa ngoma. Cheti kikaandikwa Fisi, kwani Kasuku alikataa katakata kukiandika jina lingine. Na kwa jina hilo la kwenye cheti, Nguchiro akawa anachukua fungu nono.

Fisi akapanga foleni mpaka mwisho. "Na mimi je?"

"Fisi ameshakunywa," Nguchiro akamjibu. "Cheti hicho ukutani, soma. Ila kuna jina moja limebaki bila mwenyewe."

Mtambo ukaita, "Nguchiro!" Ukaita tena, "Nguchiro!"

Fisi akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Ni... nipo."

Tii! Akamwagiwa fungu la nguchiro, la kulowesha ulimi tu. Na mpaka leo ndivyo anavyoitika.

Ngano yangu imekauka hapa. Aliyebakiwa na tone, akamnyweshe mwenzake.

Na mafunzo yake, wanangu, ni haya: kujisomea kunaleta usingizi, na kozi zinaumiza mgongo. Mwenye akili hutuma mtu. Mimi kozi yangu ya kompyuta nimemtuma jirani yangu, Bi Siwatu. Kila jioni anakuja kunieleza, nami natafuna muhogo wangu namwambia, "Sijaelewa, rudia." Maskini, anavyorudia kwa bidii! Mtihani ni wiki ijayo, na huruma namwonea yeye.