Ini la Mbuzi wa Shekue

Sogeeni, sogeeni! Masikio nayataka sasa hivi, na midomo iwekeni tayari, maana hukumu nawaachia ninyi.

Pale Korogwe kulikuwa na watu watatu wa ajabu. Mwantumu alikuwa na macho: mchuzi uliozidi chumvi aliujua kwa kuutazama tu. Hoza, mjomba wake, alikuwa na mdomo: angeweza kumchekesha hata mtu anayeng'olewa jino. Na Bi. Zena, mama yake Mwantumu, alikuwa na mkono: ukila mchicha wake, nyama unaisahau.

Na baba wa nyumba? Shekue, mwenye bucha, kipaji chake kilikuwa kula! Asubuhi supu ya mafuta na chapati, mchana chipsi mayai, jioni nyama choma na soda juu yake. Kitambi alikiita heshima. Lakini harusi ya Mwantumu ilipokaribia, suti ikagoma kufunga. Shekue akaona haya. Akanunua vidonge vya kupunguza mwili kwa mchuuzi wa stendi, kopo halina hata jina la mtengenezaji, akawa anavimeza kwa siri. Akakonda kweli! Kila akipita kwenye kioo, anajipigapiga kifua.

Wiki ya harusi, Mwantumu akaenda kumwomba baba yake radhi, kama mabibi harusi wafanyavyo. Akapiga magoti, akainua uso, akaganda.

"Baba, macho yako yana manjano."

"Vumbi la barabarani, mwanangu."

"Si vumbi hilo. Mimi siolewi mpaka upimwe."

Lo! Kadi zimeshagawiwa, mchele umeshanunuliwa, wakwe wamenuna! Mwantumu hakurudi nyuma.

Shekue naye akakataa katakata kwenda hospitali. Ndipo akaingia Hoza. Mnajua wenyewe, shemeji ana ruhusa ya utani, na utani hauna kesi. Hoza akajifunga kanga ya dada yake kiunoni, akasimama mlangoni mwa bucha, akaangua kilio: "Uwii! Shemeji yangu katutoka! Mizani nani anaitaka? Visu navichukua mimi!"

Watu wakajaa. Wengine wakamlaani kwamba anamtakia mwenzake kifo. Shekue akatoka akitweta kwa hasira.

"Niko hai, mwehu wewe!"

"Maiti mbishi huyu! Kalete cheti cha daktari, ndipo tutaamini."

Shekue akarukia bajaji hadi hospitali, ili tu amkomeshe. Akapimwa, akabanwa maswali, mpaka kopo likatoka mfukoni.

"Ini lako lilishajaa mafuta kwa ulaji," daktari akamwambia, "na vidonge hivi vimeliongezea balaa. Dawa halali za kupunguza mwili zipo, lakini mtu huanza kwa kupimwa. Hivi usiviguse tena. Na ulaji ule ukiendelea nao, watakuzika. Ukiuacha, ini laweza kupona."

Auache! Mtu wa bucha! Shekue akarudi nyumbani, na uani anakuta vitumbua na sambusa za Bi. Zena zinanukia kwenye mafuta. Biashara hiyo mama wa watu aliianza kabla hajaolewa. Alipomwona mumewe anavyomeza mate, akazima jiko, akayagawa makarai kwa majirani. Kuanzia hapo ikawa mlenda, kisamvu, samaki wa kuchemsha na ugali kidogo. Siku ya kwanza Shekue alikaribia kulia.

"Kula, mume wangu. Na mimi nimeacha changu."

Akala, kisha akaomba tena.

Miezi ikapita, harusi ikingoja baba apone. Vipimo vikatoka: ini limepona! Shekue alitoka hospitali anarukaruka kama mtoto, harusi ikapangwa upya, mbuzi wa shukrani akachinjwa. Sasa sikilizeni. Kwa desturi ya ukoo wao, ini la mbuzi huyo halikatwi. Hupewa mtu mmoja tu, mbele ya wageni wote, naye ndiye anayetambuliwa kuwa mponyaji.

Shekue akasimama na sahani.

"Baba, nani aliona?" akauliza Mwantumu chini ya shela lake.

"Nani alikulilia ungali hai?" akadakia Hoza.

Bi. Zena akamsogezea mumewe bakuli la mlenda.

Wote watatu Shekue aliwapenda, na wote walikuwa na haki. Asingeona wa kwanza, wa pili asingelia. Asingelia wa pili, wa tatu angempikia nani?

Je, jamani, ungekuwa wewe Shekue, sahani ungemkabidhi nani? Semeni upesi, ini linapoa!