Fundi Chande na Jengo Lililopinda

Hii imfikie kila mtu aliyewahi kutikisa kichwa kukubali jambo asilolielewa.

Kulikuwa na tajiri mmoja aliyetaka kujenga jengo refu la ofisi katikati ya jiji. Hakutaka lisimame wima kama mengine. Alitaka lipinde, tumbo lake litokeze taratibu kadiri linavyopanda, ili watu wakilitazama washike vichwa.

Kazi ya uashi akapewa Fundi Chande. Kwa miaka thelathini ukuta wake haukuwahi kuinama hata kwa upana wa kidole. Timazi, ile kamba yenye kipande cha risasi ya kupimia wima, aliijua barabara, lakini haya mambo ya kupindapinda yalimtia kizunguzungu.

Ghorofa tano za kwanza zilipanda wima. Kuanzia ya sita, ramani ilionyesha kila ghorofa itokeze shubiri moja kuelekea mashariki, upande wa barabara. Hapo ndipo Chande alipoanza kuchanganyikiwa. Nguzo nene ziko magharibi, na tumbo linakwenda mashariki! Kila asubuhi alishusha timazi, akapima, akakuna kichwa, akapima tena.

"Mzigo uko huku, miguu iko kule," alijisemea. "Au ni macho yangu?"

Alitamani kumuuliza Injinia Nambua, msimamizi wa mradi, lakini aliogopa. Mafundi waliosomea kazi walikuwa tele getini wakisubiri nafasi. Akiuliza, si itasemwa mzee kazi imemshinda? Akameza swali lake, akaagiza zege.

Ghorofa ya sita ikaisha. Ya saba. Ya nane.

Siku moja tajiri alikuja kukagua. Alisimama juu kabisa, akauliza, "Kesho tunaanza ya tisa. Wote mmeielewa kazi?"

"Tumeelewa, bosi!" wakajibu kwa pamoja.

Chande akawatazama watu wake arobaini, wamejipanga upande uleule uliotokeza barabarani.

"Mimi sijaelewa," akasema. "Tangu ya sita sijaelewa kitu. Nifukuzeni, lakini kwanza nielezwe."

Wengine wakacheka. Injinia Nambua hakucheka. Akakunjua ramani, akaanza kueleza, akakwama katikati. Ramani ya ghorofa za juu ilichorwa na ofisi nyingine, na mshale wa kaskazini ulielekezwa chini. Wao waliisoma kwa mazoea, kana kwamba kaskazini iko juu ya karatasi. Tumbo la jengo lilipaswa kwenda magharibi, kwenye nguzo nene.

"Shukeni!" akapaza sauti. "Wote shukeni!"

Walipofika chini salama, tajiri alimshika Chande mkono. "Mzee wangu, umetuokoa."

Chande akaanza kutabasamu. Injinia Nambua akamsogelea, macho chini.

"Mimi pia sikuelewa, Mzee Chande. Tangu ya sita. Lakini kila asubuhi nilikuona unashusha timazi, unapima, kisha unaagiza zege. Nikasema, kama Mzee Chande ameridhika, mimi ni nani nibishe?"

Tabasamu likamkauka Chande. Ghorofa tatu zikabomolewa, na nyundo ya kwanza aliipiga yeye mwenyewe.

Funzo: Usipouliza usichokielewa, hufichi ujinga wako tu, bali wengine hukichukua kimya chako kuwa ushahidi kwamba mambo ni sawa, wakajenga juu yake.