Matanga ya Mkia wa Mjusi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya kinyonge, mmelala njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo kale, kabla ukuta haujajua kama mjusi ni mpangaji au mwenye nyumba, paliondokea Mjusi mmoja mwembamba kama njiti ya kibiriti. Mkewe alitaga mchangani, chini ya kigae cha chungu, akaenda zake bila kuaga, kama ilivyo desturi ya wajusi. Baba mtu akabaki kulinda. Majirani wakamcheka: "Dume zima linaatamia kigae!" Mjusi akaitikia kwa kichwa, ndi-ndi-ndi. Mjusi huitikia kila kitu kwa kichwa. Usidhani amekubali.

Akaja Kenge. Tumbo kama gunia, ulimi unatangulia mwenyewe. Mayai ya Kanga alishamaliza, mayai ya Kwale alishamaliza, na sasa ulimi ule, lep! lep! lep! umenusa kigae.

"Hodi, mpwa wangu."

"Karibu, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia una mayai."

Ndi-ndi-ndi.

"Utanipa?"

Ndi-ndi-ndi.

"Yote?"

Ndi-ndi-ndi, na moyo unadunda kuliko kichwa.

"Mtoto ana adabu huyu!" Kenge akanyoosha kucha. Mjusi akajitupa mbele ya kigae. Kenge akambana mkia, kwap! Mkia ukakatika, puchu! Mjusi huyoo, ukutani. Mkia ukabaki chini unacheza: tiku-tiku, tiku-tiku, tiku-tiku.

Kenge akaruka nyuma. Mkia wake yeye haukatiki. Tangu azaliwe hajaona kioja kama kile. Akaukanyaga. Tiku... ti... Kimya.

Mjusi akaona mjomba ameogopa. Na mwenye hofu haambiwi uongo akaukataa. Akapaza sauti:

"Uuuwi! Kaka yangu! Mjomba kamuua kaka yangu!"

"Kaka yupi? Si mkia huo?"

"Umepata kuona mkia usio na roho ukicheza?"

Kenge akafikiri. Hakupata kuona.

Kanga akasikia. Kwekwekwekwe! huyo, mbio, akajibwaga chini, akalia kuliko mfiwa. Kila mtu msibani hulia lake. Yeye aliyalilia mayai yake. "Jamani marehemu! Mtu wa heshima! Maisha yake yote hajamtangulia mtu!"

Majirani wakajaa, mkeka ukatandikwa. Kenge akanyemelea kigae. Kanga akamdaka: "Mzee, unakwenda wapi? Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, tena wako ndio mguu uliokanyaga. Mkubwa hukaa mkekani, na kitu cha nyumba yenye msiba hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe."

"Yataanuliwa lini?"

"Mvua ikinyesha, mjomba," Mjusi akajibu kutoka ukutani, anafuta machozi asiyokuwa nayo. "Siku hiyo kumbikumbi watatoka, na mgawaji wa karamu ni wewe."

Watu husema kenge hasikii mpaka atokwe na damu masikioni. Uongo mtupu. Huyu alisikia "kumbikumbi" bila kutokwa na hata tone.

Basi akakaa. Jua likamchoma, akakaa. Kanga akamlilia sikioni, akakaa. Ulimi ukichungulia kigae, lep, majirani wanakohoa, ulimi unarudi. Tumbo la gunia likawa kikapu, kikapu kikawa kipochi. Na nyuma ya Mjusi kitu kikaanza kuota.

"Mpwa wangu, na huyo nyuma yako?"

"Mdogo wa marehemu, mjomba. Amekuja kurithi."

"Mbona mfupi?"

"Huzuni."

Mvua ikanyesha, chwaaa! Kumbikumbi wakatoka kichuguuni kama moshi. Kenge akafumbua kinywa chote. Kabla hajakifumba, kigae kikatikisika. Kikatoka kitoto cha mjusi, kikatoka kingine, likatoka kundi zima, vichwa ndi-ndi-ndi.

"Na hawa ni kina nani?"

"Mayatima, mjomba. Wa marehemu. Nao ndio hula kwanza, wagawie."

Kenge akawatazama majirani. Majirani wakamtazama. Mzee mzima ale mbele ya yatima? Akachota kumbikumbi, akawapa. Akachota, akawapa. Akachota, akawapa. Vitoto vikala vikavimba, zikabaki mbawa.

"Mungu akulipe, Mzee," Kanga akamwambia. "Wewe una moyo."

"Nashukuru," akajibu Kenge, anatafuna mbawa.

Hadithi yangu imeparamia ukuta. Anayebisha aifuate huko juu. Na funzo lake, watoto, ni hili: mkubwa akitaka chakula chako, mpe upesi, wala usiseme uongo msibani. Mjusi alisema uongo, na adhabu yake mnaiona wenyewe: mpaka leo analala kwenye nyumba za watu, bila kulipa kodi.